Nyanya za Zizi la Zamani

Simpendi Kabula. Nalisema mapema, msije mkadhani hadithi hii inaishia kwa kukumbatiana. Alifika mlimani kwetu na mumewe, Mayunga, wakitokea Usukumani na ng'ombe wengi kuliko watu wa kijiji. Msimu wao wa kwanza ng'ombe hao walinikanyagia shamba. Mayunga akaja kuomba radhi na kibuyu cha maziwa. Nikamwambia maziwa hayarudishi ulezi, na kibuyu nikakipokea.

Mimi ni Fransiska, wengi huniita Mama Faith. Marehemu mume wangu aliniachia shamba la ulezi mtelemkoni na bustani ya nyanya bondeni, kando ya kijito. Zamani mbegu na dawa tulizipata ushirikani, na bwana shamba Kornel alipita kwa baiskeli kutukagulia. Kisha ikaja ruksa, kila mtu auze anachotaka. Ushirika ukafa, Kornel akapunguzwa kazi, akafungua duka la pembejeo Sumbawanga mjini. Mtu aliyenishauri bure miaka yote sasa alinishauri akiwa nyuma ya kaunta. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Kornel alikuja hadi mlangoni kwangu kuitembeza mbegu yake ya kopo. Kwenye kopo palichorwa nyanya kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikanunua.

Februari, mvua ikiwa haikatiki, ugonjwa wa ukungu ukaingia bondeni. Majani yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, matunda yakaoza yakiwa mabichi. Nilibeba bomba la dawa mgongoni hadi kiuno kikagoma. Na huko juu, kwenye zizi la zamani la Mayunga, juu ya samadi kuukuu, zilikuwa zimejiotea nyanya pori. Matunda yake madogo kama golori, majani yana vinyweleo, yananata na kunuka hata viwavi wanayakimbia. Hakuna aliyezipanda wala kuzipulizia chochote. Ukungu ulizitia madoa mawili matatu, zikaendelea na maisha yao. Kabula alikuwa akichuma bakuli tele, kisha anasimama pale juu na kunipigia kelele:

"Mama Faith, harufu ya dawa naisikia mpaka huku! Nyanya zenyewe ziko wapi?"

Nimewahi kumchukia mtu kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kornel alipokuja kuona hasara, alizunguka bustani, akakuna kidevu, akaelekeza kidole kwenye zizi. "Ugonjwa unalala kule. Zile hauziui, zinautunza tu, halafu upepo unakuletea."

Sikumuuliza kama anajua au anaitetea mbegu yake. Alisema nililotaka kusikia.

Siku Kabula na mumewe walipokwenda mnadani Laela, nilipanda zizini nikang'oa shina moja baada ya jingine, pamoja na matunda yake. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Kanga yangu ya bluu yenye korosho ilinasa kwenye mti wa ua wa zizi ikachanika upande. Nikatumia kile kipande kufungia mzigo wa mwisho.

Ulikuwa mwezi wa kujenga ntumba. Kwa asiyejua, sisi Wafipa tunapofika mwisho wa mvua hukata nyasi, tukazipindulia udongo juu tukafanya matuta ya duara, na ndani yake nyasi huoza ziwe mbolea. Ukishalifunga tuta huligusi tena mpaka mvua za Novemba. Bibi yangu alikuwa akisema ntumba hula kila kitu, hata mfupa. Basi nikazifukia nyanya za Kabula kwenye matuta saba ya shamba langu la mtelemkoni, nikapigapiga udongo kwa jembe, nikaenda kunawa. Mikono ilibaki ya kijani siku tatu.

Kabula alirudi akalia kwa sauti hadi bondeni tukasikia. Ile ndiyo iliyokuwa mboga ya watoto wake.

Nikapanda nyanya tena. Ukungu ukarudi, mkubwa zaidi, ukazipitia na bustani za wenzangu, ya Silvana na ya Hellena. Hapo ningeweza kujiuliza. Badala yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Theodory.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Faith. Leo ni nani tena?"

Nikamwambia Kabula amezihamisha nyanya zake na kuzificha, na ugonjwa anao yeye. Kikao kikaitwa. Tusidanganyane, wengi walikuwa wakiyatamani malisho ya Mayunga, na nyanya ikawa kisingizio kizuri. Nilidai iandikwe kwenye kitabu: mashamba yatakaguliwa mwezi wa saba, na atakayekutwa na nyanya pori ahame mlima huu, ateremke bonde la Rukwa na vyote alivyo navyo. Katibu akaandika. Kabula akasimama.

"Aliyeniibia yumo humu ndani," alisema. "Mimi nina watoto sita na hapa ndipo nilipojenga. Mnataka nihame kwa sababu ya kitu ambacho sina?"

"Kama huna, unaogopa nini?" nikamjibu. Watu wakacheka.

Siku ya ukaguzi tuliamka umande umeganda. Baridi ya Ufipa hushuka na kutuama bondeni, na asubuhi ile bustani zote zilikuwa nyeusi kana kwamba zimeunguzwa. Nilikuwa nimepoteza mazao kwa mara ya tatu. Nikapanda kwa Mayunga na hasira yote niliyokuwa nayo, nikitaka mtu wa kumtwika.

Wazee walipekua zizi jipya na la zamani, nyuma ya nyumba, hata chungu za samadi walizichokonoa. Hawakupata kitu. Kabula alitufuata nyuma. Mimi nikasema tuteremke kwa njia ya mkato, tupite shambani kwangu. Nililisema mwenyewe kwa mdomo wangu, maana ntumba hula kila kitu.

Tulipofika Mzee Theodory akasimama. Kwenye ubavu wa matuta saba zilikuwa zimetoka nyanya, za kijani kibichi, zenye maua na matunda. Shamba zima nyasi zilikuwa zimekauka kwa baridi, lakini zenyewe zilikalia joto la majani yanayooza zikashamiri.

Kabula alipiga magoti, akasugua jani, akanusa vidole. "Hizi zangu."

"Mama Faith, zimefikaje hapa?" mzee akauliza.

"Ndege," nikasema.

"Ndege wamepanda matuta saba yaliyofuatana, mengine ishirini wakayaruka?"

Kabula alikuwa ameshaanza kufukua kwa mikono. Akatoa mashina yaliyooza, yamefungwa kwa kipande cha kanga ya bluu yenye korosho. Kanga yenyewe nilikuwa nimejifunga, upande umechanika. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Someni ile sheria," Mayunga akasema.

Katibu akafungua kitabu. Mzee Theodory akakifunga kwa kiganja. "Huyu ni wa hapa," alisema bila kumtazama mtu.

"Kumbe mliiandika kwa ajili yangu tu," Kabula akasema.

Mimi nilipumua, halafu nikaona aibu kwa vile nilivyopumua. Silvana hakuwa akinitazama kabisa, alikuwa akitazama yale maua. "Mke wa Mayunga," alisema taratibu, "unaweza kunigawia na mimi mbegu?" Habari ya kuwahamisha iliishia pale. Kabula aling'oa miche yote na udongo wake, akaibeba kwa makarai, na kile kipande cha kanga akaondoka nacho.

Mwaka uliofuata bonde zima lilikuwa na nyanya za Kabula, ndogo, chachu, zenye ngozi ngumu, lakini hai. Mimi nilipanda za kopo kwa kiburi. Julai zikaungua kwa baridi.

Nikapanda mlima asubuhi na bakuli mkononi.

"Karibu, Mama Faith," Kabula akanipa kigoda.

"Nimekuja kuomba mbegu."

Alileta nyanya zilizoiva, akazipondea ndani ya kitambaa juu ya sufuria, akakamua mpaka tone la mwisho. Akatia chumvi na kitunguu, mchuzi ukachemka, akanijazia bakuli.

"Kwetu mtu hafiki na bakuli akarudi nalo tupu," alisema.

Nilikoroga kwa kijiko hadi chini. Mchuzi ulikuwa mtamu, na hapakuwa na hata mbegu moja. Kabula alikuwa akianika kitambaa chake kambani. Kilikuwa cha bluu, chenye korosho, na mbegu zimekijaa pande zote.

"Kula kabla haujapoa," akaniambia.