Mchanga Ulioanikwa Juani

Bi Thuwaiba alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona kitu kibichi akakiacha kibichi. Miaka thelathini alianika karafuu za watu Kidichi, na hata alipohamia Mji Mkongwe kwa Zuleikha, mtoto wa kaka yake, aliendelea kuanika. Mashuka, vitabu, mpaka viatu vya wageni.

Asubuhi ile jua lilitoka baada ya siku nne za masika. Zuleikha, aliyerudi jana yake kutoka jangwa la Oman alikokwenda kuchimba kwa masomo yake ya chuo, alikuwa amelala fofofo. Bi Thuwaiba akakiona kibomba cheusi juu ya meza, kimezibwa pande zote, kinatoka jasho. Akakizibua.

Adhana ya adhuhuri ndiyo iliyomwamsha Zuleikha. Alipanda juu ya paa, akakuta sinia imetandazwa mchanga.

"Shangazi! Nini hiki?"

"Mchanga wako, mwanangu. Ulikuwa umetota, ungeota kuvu. Nshauanika."

Zuleikha akakaa chini. Shahada yake yote ilikuwa ndani ya kibomba kile, na kingine hakuwa nacho.

"Umeniua, Shangazi!" alipiga kelele. Hakuwahi kumpandishia sauti mkubwa wake tangu azaliwe, na aliona haya papo hapo, lakini hasira ilikuwa imeshatoka.

Bi Thuwaiba akakaa karibu yake. "Hebu nifahamishe. Nimeharibu nini?"

Zuleikha akamfahamisha, huku akifuta machozi. Mchanga ule aliuchimba ukingoni mwa ziwa lililokauka zamani, kando ya mafiga ya watu wa kale. Dunia inapolizunguka jua hupepesuka kidogo kama pia ya watoto, na kila baada ya miaka elfu ishirini na kitu mvua husogea mpaka jangwani. Majani huota, wanyama huja, watu hufuata. Kisha mvua huondoka, nao huhama. Yeye alitaka kujua mafiga yale ni ya mvua zipi. Chembe ya mchanga ikifukiwa huanza kuhesabu miaka yake gizani, na ikipigwa na jua hesabu yote hufutika.

"Wote umefutika?"

"Wote, Shangazi."

"Wote vipi, na mimi nimeanika nusu? Sinia ilijaa. Mwingine umeshindiliwa ndani ya kibomba, umegoma kutoka. Nimeuziba kwa kitambaa cheusi nikautia kabatini, zamu yake kesho."

Zuleikha alimkumbatia mpaka mtandio ukamwanguka. Jua lilikuwa limegusa mdomo wa kibomba tu. Wa ndani kabisa ulikuwa salama.

Sasa alitaka kuumwaga ule wa sinia na kumficha profesa wake yaliyotokea. Bi Thuwaiba akakataa katakata.

"Mwambie. Na saa umwandikie. Umetoka saa mbili na robo, nimeupindua saa nne, nimeupindua tena saa sita. Miye siyo mtu wa kukisia."

Zuleikha aliandika, akijua huenda anajifukuzisha chuo. Jibu lilikuja jioni: usimwage hata chembe, njoo nayo yote miwili.

Miezi miwili baadaye alipiga simu kutoka maabara ng'ambo, akicheka na kulia kwa pamoja. Mchanga wa kabatini ulikuwa na miaka laki moja na elfu ishirini na tano. Wa sinia ulisoma sifuri. Wataalamu wenye shaka walikuwa wakiuliza kama kweli jua hufuta hesabu ya mchanga wa ziwa lile, na sinia ya Bi Thuwaiba ilikuwa imewajibu.

"Na hao watu, ziwa lilipokauka walikwisha?"

"Walihama, Shangazi. Mvua ziliporudi, wengine wakaja. Tumekuta mafiga mapya juu ya yale ya zamani."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Thuwaiba, kama kwamba ni jamaa zake. "Umeandika nani kaanika?"

"Nimeandika, kwenye ripoti. Sikiliza: mchanga huu ulianikwa Unguja na Bi Thuwaiba Haroub Mkadam, kuanzia saa mbili na robo asubuhi."

Bi Thuwaiba aliibana simu sikioni. Miaka thelathini ya karafuu, na hakuna gunia hata moja lililowahi kutoka na jina lake.

"Soma tena," alisema.