Pa Kwenda Kugomba

Fundi cherehani alikuwa akidunduliza apate mashine ya kudarizi, lakini kila mwezi benki ilimkata ada, na mashine ikazidi kusogea mbali. Asubuhi moja akamwambia shangazi yake, aliyekuwa akishikiza vifungo, kwamba anahamia benki ya mtandaoni.

"Ada yao kiduchu, shangazi. Wala hakuna foleni."

"Na mlango wao uko wapi?"

"Hawana. Kila kitu kwenye simu."

Shangazi akaweka sindano chini. "Sasa hela zikipotea, nikagombe wapi? Kule benki nikipaza sauti, meneja mwenyewe hutoka na kiti nikae!"

Fundi akacheka, ila neno lilimwingia. Yeye hakati kitambaa cha ghali kabla ya kujaribu mshono kwenye masalio. Basi akafungua akaunti, akatuma humo hela ya kununulia kibiriti tu, kisha akapiga simu ya huduma na kumpa shangazi.

"Hela ya mwanangu imefika?" shangazi akafoka. Akasikiliza, akafoka tena, kisha akalegea. "Ehee. Na wewe mama, umekula lakini?"

Akarudisha simu. "Imefika. Kabinti kana adabu, kamenivumilia dakika ishirini nzima."

"Kwa hiyo nihamishe zote?"

"Hamisha zako. Zangu ziache kule kule."

"Na ada zao zile?"

"Simu haina kiti, mwanangu."

Fundi akabonyeza. Halafu akachukua utepe wake, akapima kwenye meza pale patakapokaa mashine.