Ziara ya Nne

Jumatatu ya mwisho ya Agosti, saa nne kasoro robo, Kavinya Mativo alikuwa akipanga faili katika ofisi ndogo ya huduma za jamii, nyuma ya ukumbi wa Kaloleni. Faili za kijani zilikuwa za kesi zinazoendelea, za kahawia za kesi zilizofungwa. Za kahawia zilikuwa nyingi zaidi, na zilikuwa zimepangwa vizuri zaidi.

Kavinya alikuwa mwaka wa mwisho wa diploma ya kazi za jamii katika chuo kimoja cha Donholm, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Alikuwa amemaliza mitihani. Kilichobaki ni mafunzo ya nyanjani, na katika mafunzo hayo kitu kimoja tu: kushughulikia mwenyewe kesi ya mtu mmoja na kuiandika katika kitabu chake cha mafunzo, kisha msimamizi atie sahihi kabla ya Ijumaa. Bila sahihi hakuna mahafali. Mama yake kule Makueni alikuwa tayari ametangaza mahafali hayo kanisani, mara mbili.

Wanafunzi waliandika kwa penseli. Ndivyo ofisi ilivyofanya kazi tangu zamani: mwanafunzi anaandika ripoti kwa penseli, afisa anaisoma, na akiridhika anapitisha kalamu ya wino juu ya maneno yale yale. Kisichopitishiwa wino kilihesabiwa hakijatokea.

Stoo ya ofisi ilikuwa na kiti cha magurudumu kipya, bado kimefungwa nailoni, na karatasi yenye jina Asenath Ayuma. Kavinya alimwuliza msimamizi wake, Bwana Wafula, mbona hakijapelekwa.

"Huyo tulimfunga Aprili," alisema Wafula, akikoroga chai. "Ziara tatu, hakupatikana mara tatu. Sheria ni hiyo."

"Naweza kumchukua awe kesi yangu, bosi?"

"Mchukue. Lakini humpati."

Nyumba ya Asenath ilikuwa mwendo wa dakika sita kutoka ofisini, katika safu ya nyumba za zamani zenye paa za vigae. Ilikuwa na dirisha moja la vyuma, kamba ya nguo, na mlimau uliopandwa katika sufuria. Haikuwa na mlango. Pale ambapo nyumba za jirani zilikuwa na mlango, hii ilikuwa na ukuta wa mawe, mkavu na wa miaka mingi kama mawe mengine, na namba ya nyumba imepakwa juu yake kwa rangi nyeupe. Kavinya alizunguka nyuma. Nako hakukuwa na mlango.

"Unatafuta shosho, bibi wa hapa?" aliuliza Triza, jirani, aliyekuwa akikata sukuma wiki kizingitini kwake. "Ongea naye hapo dirishani. Mlango ulienda Aprili."

"Ulienda vipi?"

"Jumapili nilimpelekea uji, mlango ukiwa hapo. Jumatatu saa tano hakuna. Si yeye peke yake, kuna mwingine kule karibu na choo cha umma, na mzee mmoja upande wa reli."

Triza alieleza kwamba walimwita Kiema, fundi wa mawe, na Kiema si fundi wa kubahatisha. Alibomoa ukuta kwa siku mbili. Alipitisha nyundo upande wa mbele akatokea uani, bila kukutana na chumba. Akarudishia mawe, akapiga plasta, akasema kazi hiyo inataka barua kutoka ofisini. Ofisini walisema hawawezi kumwandikia barua mtu ambaye hapatikani.

Chuoni walifundishwa kugonga, kujitambulisha na kusubiri kukaribishwa. Kavinya aligonga ukutani.

"Karibu, mwanangu," ilisema sauti. "Ningekufungulia."

Kavinya akasogea dirishani. Asenath alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kichwani, miguu imefungwa leso. Chumba kilikuwa safi. Mara moja Kavinya alimpenda, na hilo lilimtia wasiwasi, kwa sababu walikuwa wameonywa kuhusu kuwapenda watu wa kesi.

"Shosho, ofisi inasema walikuja mara tatu."

"Walikuja lini?"

Kavinya alifungua nakala ya faili. Wafula alikuwa amefika tarehe nane Februari, tarehe kumi na tano Machi, na tarehe tano Aprili. Zote Jumamosi. Wafula mwenyewe ndiye aliyechagua Jumamosi kwa ajili ya ziara, kwa sababu siku za kazi watu wako kazini, na alitaka kuwakuta. Lilikuwa wazo la mtu anayejali kazi yake.

Asenath alicheka kidogo, bila ubaya.

"Jumamosi ni Sabato. Mimi tangu nizaliwe Sabato niko kanisani. Wamama wawili wananishika makwapa, mmoja huku mmoja huku, tunafika polepole. Hapa Kaloleni nani hajui? Hata angeuliza mbuzi."

"Hukuambiwa walikuja?"

"Waliacha karatasi gani ya kuniambia?"

Kisha alisema jambo alilotaka, na alilisema moja kwa moja. Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa Sabato kuu ya makambi, ile wiki ya ibada ambayo Wasabato hukusanyika kila mwaka. Hakuwahi kukosa makambi tangu mwaka wa sabini na moja. Alitaka kwenda, na kama ingewezekana, alitaka kwenda akiwa ameketi, si kubebwa kama gunia la mahindi mbele ya wakwe.

Kavinya alirudi ofisini akaandika kwa penseli katika kitabu cha mafunzo: *Ziara ya nne. Amepatikana.* Akaeleza habari ya Sabato, akaiweka ripoti mezani kwa Wafula.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kitasa ukutani. Kilikuwa cha shaba, usawa wa kiuno, kimechomoza katikati ya mawe. Upande wa ndani kilikuwepo kingine. Asenath alisogea hadi hapo kwa kushikilia kitanda na meza, akazungusha cha kwake, na Kavinya akazungusha cha nje. Vilizunguka vizuri, kana kwamba vimetiwa mafuta juzi. Ukuta haukusogea.

"Inataka wino," alisema Triza, ambaye hakuwahi kusoma kazi za jamii.

Jumatano Wafula alimwita Kavinya ndani na kufunga mlango wa ofisi.

"Umeandika amepatikana."

"Ndiyo, bosi. Nimeongea naye."

"Mlangoni?"

"Dirishani. Bosi, yule mama ni Msabato. Ulienda Sabato."

Wafula alisoma tena ripoti ile. Hakuwa mtu mbaya. Ile Aprili alitembea kwenye matope ya mvua hadi soksi zikalowa, na nyumba kwa nyumba aligonga mpaka vidole vikauma.

"Nilienda," alisema. "Mara tatu nilienda."

"Najua, bosi."

"Nikipitisha wino hapa, wataniuliza kuhusu wale wengine kumi na wanne niliowafunga. Wote ni Jumamosi. Na ripoti ya nusu mwaka ilishaenda, ikasifiwa." Alisukuma kitabu cha mafunzo upande wa Kavinya. "Futa hilo neno moja. Andika hakupatikana, nitie sahihi. Ama uache hivyo, urudi mwakani utafute ofisi nyingine. Sikulazimishi."

Kweli hakumlazimisha. Kavinya alienda na kitabu hadi Lucky Summer, alikoishi na dada yake Koki, akakaa nacho siku mbili. Koki, aliyefanya kazi katika kiwanda cha sabuni, alisikiliza habari yote akasema, "Ukimaliza chuo utamsaidia vizuri zaidi. Sasa hivi wewe ni nani?" Kavinya aliona maneno hayo yana akili. Aliona pia kwamba yeyote aliyewahi kumwacha mtu nyuma aliambiwa maneno kama hayo. Aliona aibu, na aibu haikumzuia.

Ijumaa saa nane mchana alifuta kwa raba. Akaandika *hakupatikana*. Wafula alipitisha wino taratibu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, kisha akatia sahihi na kumpa mkono.

Wakati huo Triza alikuwa ameingiza mkono dirishani kwa Asenath, akimpa sahani ya ugali na maharagwe. Aliuchomoa mkono kwa wakati. Sahani ilibaki ndani. Kitasa kilienda pamoja na dirisha, na ukuta ukawa mzima kutoka kona hadi kona.

Siku iliyofuata waumini walikuja kutoka makambini na nguo zao nyeupe, wakaketi kwenye nyasi mbele ya ukuta, wakaimba. Kutoka ndani sauti moja iliwajibu, ya chini kidogo, ikishika sehemu yake bila kukosea. Walipomaliza walikunja mikeka wakarudi, kwa sababu kulikuwa na mahubiri ya alasiri. Tangu hapo Triza huweka chakula chini ya ukuta kila siku, akageuka kidogo, na akitazama tena sahani ni tupu na imeoshwa. Hajapata kuuliza. Anasema ubaya ni kwamba sasa hamwoni shosho uso, na kwamba hilo humliza akiwa anapika.

Kavinya alihitimu Novemba. Mama yake alikuja na basi zima la watu wa Makueni. Januari ofisi ya Kaloleni ilitangaza nafasi moja, na kwa kuwa Wafula alimsifu, aliipata. Alipewa meza, kalamu ya wino, na ratiba ya ziara ya robo mwaka iliyokwisha kupangwa na kupitishwa huko juu.

Siku ya kwanza ya kazi, adhuhuri, alienda kwa Asenath. Aligonga ukutani akataja jina lake.

"Ni wewe wa chuo," ilisema sauti ndani, safari hii kutoka mbali kidogo. "Ulifaulu?"

"Nilifaulu, shosho."

"Mungu asifiwe. Nilikuombea."

Kavinya aliegemeza paji la uso kwenye mawe. Yalikuwa na joto la jua.

"Nisamehe," alisema.

"Ulikuwa mwanafunzi," alisema Asenath. "Sasa ni wewe utakuwa unakuja?"

"Ni mimi."

"Siku gani?"

"Jumamosi."

Ndani kitanda kililia, kama mtu anayejiweka sawa.

"Sawa basi. Siku hizi Jumamosi niko."

Kavinya alisema sawa, akamtakia siku njema. Hakumwambia kwamba katika ratiba ile, iliyokuwa mkobani mwake, jina la Asenath Ayuma halikuwepo.