Kichwa cha Njiti

Bosi Maeng alitamka mwenyewe mbele ya kiwanda kizima hapa Cheonan: atakayeandika juu ya kichwa cha njiti ya kiberiti kwa leza mpya bila kuiwasha, huyo ndiye Mkuu wa Kitengo. Nikaandika mimi, Pyo Seon-ok, baada ya kuhangaika na mashine ile msimu mzima wa baridi. Kila mpigo wa mwanga wake ni mfupi mno. Kinachoguswa nao hugeuka mvuke kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Ila mipigo ikifuatana mno, joto hulundikana. Hilo nilishaliandika ukutani kwa wino mwekundu.

Siku ya uzinduzi, kama ilivyo desturi yetu, tukaweka mezani kichwa cha nguruwe, keki za mchele na pombe, nje ya kioo cha chumba cha leza, ili wakubwa waiinamie mashine isije ikaleta ajali. Nilivaa sare mpya. Bosi akamsukuma mbele Tae-gyu, mtoto wa kaka yake.

"Huyu ndiye Mkuu wetu wa Kitengo!"

Mimi akanishikisha birika la pombe. "Dada Pyo, wamiminie wageni."

Dada! Kama mhudumu wa mgahawani. Damu ilinichemka.

"Bosi, na ile ahadi?" nikamnong'oneza.

"Usiniaibishe mbele ya mteja. Mimina!"

Mteja mwenyewe, Bwana Tak, alitaka kuiona hiyo njiti. Tae-gyu akaingia, akaanza kugusagusa skrini. Kupitia kioo nikamwona anaongeza kasi ya mipigo, eti aonekane fundi. Nikakimbilia kipaza sauti.

"Punguza, itawaka!"

"Dada, hapa si jikoni," akanijibu. Na watu wazima na akili zao wakacheka.

Njiti ikawaka. Fyuu!

"Mlisema haiunguzi," alisema Bwana Tak.

Bosi akanigeukia mimi, mimi niliyepiga kelele koo likakauka! "Umemharibia nini mwenzako?"

Nikaliweka birika chini. Nikavaa kofia na barakoa, nikaingia.

"Sogea," nikamwambia Tae-gyu.

Nikarudisha mipigo yangu, nikatia njiti mpya. Mwanga ukacheza juu yake kidogo tu. Hakukutoka hata moshi.

Nikamtolea Bwana Tak, akaiweka chini ya hadubini, akasoma kwa sauti: "Pyo Seon-ok, Mkuu wa Kitengo." Akainua uso. "Ndiye nani huyu?"

Bosi akacheka kicheko cha kujilazimisha. "Ndiye huyu hapa. Mkuu wetu."

"Sasa mbona anamimina pombe?"

Bwana Tak akaifunga njiti kwenye leso yake, akaitia mfukoni, akaondoka nayo.

Gari lake lilikuwa halijatoka hata getini.

"Dada Pyo," Bosi akaniita, "toa hicho kichwa cha nguruwe, kakichemshe."

"Dada yupi?" nikamuuliza.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama wanamsikiliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Mkuu," akasema mwishowe, neno likimtoka kwa taabu, "nani akichemshe?"

"Tae-gyu," nikasema. "Na asikiunguze."