Kipa wa Akiba na Jina la Mkewe

Jumamosi moja ya Aprili 2017, saa kumi alasiri, Pacifique alikuwa kwenye benchi la Reef Comets akimenya chungwa, kamba za viatu hajafunga. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na hiyo ilikuwa timu yake ya sita. Kudaka kwake kulikuwa kwa penalti tu. Mechi ya kombe ikikaribia kuisha sare, kipa namba moja anatolewa, Pacifique anaingizwa, anafanya kazi ya dakika kumi, kisha anarudi benchi mpaka atakapohitajika tena. Timu mbili zilimfia mikononi. Ya tatu, mwenye timu aliiuza kwa mfanyabiashara wa mkoani Limpopo, pamoja na neti, chupa za maji na Pacifique. Chupa hazikuulizwa, naye hakuulizwa.

Namba moja hakuitaka. Alitaka barua. Mkewe, Thérèse, msusi wa Jules Street katika mtaa wa Malvern, alifariki Agosti ya mwaka uliopita kwenye mapokezi ya hospitali moja ya serikali, baada ya kungoja kwa saa kumi na moja. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda, na wakubwa wa karatasi walikuwa wamefunga ofisi yao. Pacifique alisimama pale akitaja jina la mkewe herufi kwa herufi. Akajibiwa kwamba jina haliwezi kunakiliwa kutoka karatasi iliyokwisha. Wakaandika: Mwanamke, hajulikani. Kaburini wakachomeka kibati chenye namba. Ofisi ya makaburi ilisema mwajiri wa mume akiandika barua kuthibitisha huyo alikuwa nani, jina litawekwa.

Katibu wa timu alikuwa Kipkoech, Mkenya mwenye digrii na viatu vinavyong'aa.

"Barua iko, boss," alimwambia siku hiyo pembeni ya benchi. "Iko kwa laptop. Inangoja tu sahihi ya mwenyekiti."

"Papa Kipkoech, inangoja tangu Septemba."

"Mwenyekiti ana mambo mengi, bana. Wewe daka mipira."

Mechi ikawa sare, bao moja kwa moja. Pacifique akala kipande cha mwisho cha chungwa, akafunga viatu, akaingia. Nyuma ya goli alikuwa amesimama Thérèse, na kitenge cha kijani alichozikwa nacho, kitana kimechomekwa kichwani. Mlinzi wa uwanja alimwomba asogee, alikuwa anaziba tangazo la betri za gari. Akasogea.

"Umekonda," alimwambia mumewe.

"Ninajipikia."

"Ndiyo maana. Sasa mwangalie yule mpigaji, shingo yake. Inavuta kulia."

Miaka kumi na miwili Thérèse alikuwa ameshika vichwa vya watu. Mteja anaweza kukudanganya kwa uso, kwa macho hata kwa machozi, lakini shingo inajua kichwa kitageukia wapi kabla ya kichwa chenyewe kujua, na msusi asiyeisoma shingo atachana mistari iliyopinda. Pacifique akaruka kulia, akadaka.

"Huyu kushoto. Na usilale kama godoro, papa, ruka!"

Akaruka. Comets wakashinda. Kocha aliiambia redio kwamba ulikuwa mpango wake.

Tangu hapo Thérèse alikuja kila mechi ya kombe, na mara saba mechi zilipofika penalti wakashinda zote saba. Watu wa mtaa wa Hillbrow wanaokuja uwanjani walimsalimia. Benita, aliyekuwa akisuka naye kiti kwa kiti, alimuuliza kama bado anapokea wateja.

"Vidole vimekuwa baridi," Thérèse akamjibu. "Watalalamika."

"Wenyewe walilalamika hata vikiwa moto," Benita akasema, wakacheka.

Mwaka 2018 timu moja iliyofungwa ilipeleka malalamiko kwenye ligi. Kamati ikakaa, wanaume watano na tai zao, wakala biskuti, wakafungua kanuni. Walitaka kujua kama marehemu anaruhusiwa kusimama nyuma ya goli. Kanuni hazikumkataza marehemu. Zilimkataza mtu asiye na kadi. Comets wakaambiwa kadi ipatikane kabla ya Ijumaa.

Kipkoech aliitengeneza kwa dakika kumi. Thérèse alikaa mbele ya ukuta mweupe akapigwa picha. Ilitoka hafifu, Kipkoech akaongeza mwanga. Akamuuliza jina kamili.

"Thérèse Kyungu Mwamba."

"Hizi alama juu ya herufi, mama, niweke?"

"Weka zote mbili. Ndivyo baba alivyonipa."

Chini akaandika: Msaidizi wa Kocha wa Makipa. Mwenyekiti akatia sahihi palepale, amesimama, ufunguo wa gari mkononi.

Pacifique akaiangalia ile sahihi.

"Papa Kipkoech. Kadi dakika kumi, barua miaka miwili?"

"Kadi ni ya ligi, boss, barua ni ya serikali. Usichanganye idara."

Mwanzoni mwa 2019 Comets nao wakauzwa. Mnunuzi alichukua basi, jezi na ile laptop yenye barua. Pacifique, miaka thelathini na sita na goti bovu, aliachwa. Akabaki na kadi ya mkewe. Jumatatu akaipeleka ofisi ya makaburi, maana jina lilikuwa limeandikwa pale, lote, na sahihi ya mkubwa chini yake.

Karani akaigeuza mbele na nyuma. Kadi ilikuwa hai mpaka Juni. Akaeleza, bila ubaya, kwamba mtu mwenye kadi ya kazi iliyo hai ni mtu hai, na jina la mtu hai haliwekwi kaburini bila ridhaa yake. Aje mwenyewe.

Alhamisi Thérèse akaja. Walikaa kwa saa nne, wamegusana mabega. Dirishani alitaja jina lake, akatia sahihi ya kuridhia. Karani akagonga muhuri, akasema limebaki jambo moja dogo: cheti cha kifo, asilia, si fotokopi, chenye jina hilohilo, na kiombwe na mhusika mwenyewe.

"Mhusika ndiye huyu," Pacifique akasema.

"Basi itakuwa rahisi," karani akasema.

"Eish," Thérèse akasema. "Hata kufa kunataka mtu wa kukupigia simu kwa wakubwa."

Karani akawaonyesha kwa kalamu foleni ya vyeti, ile inayozunguka jengo. Thérèse akavua kandambili, akazishika mkononi, akaenda kusimama mwisho. Watu wakasogea kumpa nafasi ukutani, penye kivuli. Katika foleni nzima watu wawili tu ndio walikuwa hai, na hao wawili ndio waliokuwa wakilalamika.