Gundi ya Ndani

Jumapili ile bati la fibagilasi, lile linalopitisha mwanga, lilibanduka kwenye paa la kanisa kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na kumwangukia mwimbaji begani. Kabla ibada haijamalizika, Mzee Kabanda, msimamizi wa ujenzi, akamnyooshea kidole fundi Perpétue.

"Ni huyu mama alibandika!"

Damu ilimchemka Perpétue. Miaka mitatu nyuma, wakati wa kuezeka, alimwomba mzee huyo gundi ya kuhimili jua na mvua. Kabanda akamletea kutoka mjini Mbarara gundi ya fanicha na kumwambia afunge mdomo, afanye kazi. Sasa Perpétue akaliokota bati lililoanguka. Lilikuwa limepauka, nyuzi za kioo zimechomoza, gundi inapukutika kama unga.

"Mzee, nilikuambia ile gundi ni ya mu nyumba. Jua inaikula. Pitisha mukono hapa, basi, uone."

Kabanda akaficha mikono nyuma. "Toka mu kanisa ya Mungu!"

Hakuna aliyemtetea, hata mwimbaji aliyeumia. Perpétue akatoka. Wiki iliyofuata viongozi wa kanisa walimtuma mtu kumwita aje kukagua mabati ya fibagilasi yaliyobaki. Akakataa katakata, na waumini wakaendelea kusali humo, wakigombania viti vya pembeni, ambako juu hakukuwa na mabati yale.