Mrija Mmoja

Siku ya kutiwa saini barua yake, Eusebio Quiroga alipiga mafunda mawili ya jini kabla ya saa tatu asubuhi. Mawili tu, alijiambia, ya kutuliza mikono. Mlevi hakosi sababu.

Barua hiyo aliidai Malena, binti yake. Kundi zima la tiba likithibitisha kwa saini kwamba baba yake ametimiza miezi sita bila tone, angemruhusu aje Jumapili kwenye ubatizo wa mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Likikataa, asipige hata simu.

Alitafuna pipi za mnanaa njia nzima, akaegesha gari nyuma ya kliniki, akaingia akitabasamu. Zamani walevi walikutana Jumanne na wafiwa Alhamisi. Madaktari walipopungua pale mjini Rosario, wakachanganywa kama mchele na maharage. Ndiyo maana kwenye kiti cha kulia kwake alikaa Bi Nélida, ambaye mwanawe Ramiro aligongwa na dereva mlevi. Miezi minne mama huyo alikuwa hajatoa neno wala chozi.

Kilichomponza Eusebio ni kinywaji kiitwacho mate, chai ya majani machungu ambayo kundi zima hunywa kwa kibuyu kimoja na mrija mmoja. Daktari Lucrecia alitia maji ya moto, akamwelekezea kibuyu.

"Leo nipumzishe, Daktari. Tumbo."

"Tumbo!" Tito, fundi viatu, akaangua kicheko. "Wewe uliyekuwa unakunywa spiriti ya kusafishia vidonda, leo majani yanakushinda? Kunywa bwana, au unatuona wachafu?"

Akanywa. Kisha, kwa woga, akaufuta mrija kwa kidole gumba, jambo ambalo pale halifanywi ila na mgeni. Daktari akaongeza maji, akampa Bi Nélida.

Mama akautia mrija mdomoni, akasita kama aliyenusa jini. Hakuutoa. Eusebio aliliona koo lake likimeza.

Barua ikaanza kuzunguka. Tito akasaini kwa mbwembwe, wengine wakafuata, mwisho ikafika kwa Bi Nélida. Alishika kalamu, akaiweka mapajani.

"Baba Malena," akasema, na wote wakageuka, maana sauti hiyo walikuwa hawaijui. "Umekujaje hapa?"

"Kwa... kwa miguu, mama."

"Usinidanganye. Umekujaje?"

Bi Nélida akanyoosha mkono.

"Nipe funguo."

"Nakuomba, mama yangu. Jumapili nimwone mtoto. Saini tu. Nitakupigia magoti hapa hapa."

"Nitasaini. Ukitaka nitasaini mara kumi. Funguo kwanza."

Tito hakucheka tena. Funguo zilikuwa zikimchoma Eusebio pajani, na alijua kuzitoa ni kusema kila kitu mbele ya watu wote. Angeweza kuinuka akaondoka. Mkono wa mama ulibaki pale pale ukiwa wazi, hata yeye akaona aibu kuuacha mtupu. Akazitoa, akaziweka kiganjani.

Bi Nélida akazikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na kilio cha miezi minne kikatoka.

"Siku ile," akasema, "hakuna aliyemwomba mtu yule funguo. Hata mmoja!"

Kisha, macho yamejaa machozi, akaanza kuitafuta kalamu kwa kupapasa mapajani ili atimize ahadi yake. Eusebio akaivuta barua taratibu, akaikunja.

"Usisaini, mama," akasema. "Nimekunywa."